Koti Lipo Kazini

Ndugu yangu, mlango urudishie kwanza, kisha kaa. Nchi tutakayoisema hapa iko mbali, mbali kabisa, wala usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Jina lake tumeliacha makusudi, maana huko hata jina la nchi lina walinzi wake, na hulitaji ovyo ukabaki na meno.

Serikalini huko hakuna aliyewahi kukosekana kazini. Hilo uliweke akilini.

Zamani maofisa walikuwa na mtindo wao. Mtu anafika asubuhi, anavua koti, analitundika kwenye egemeo la kiti, kisha anakwenda zake kunywa supu, au kutazama nyumba yake inavyopanda, au kwa mtu wake. Ukimuulizia, karani anakujibu bila kuinua macho, "Yupo. Koti lake si hilo? Ametoka kidogo." Wananchi wakalalamika mpaka kilio chao kikamfikia Mheshimiwa Mkuu, kiongozi msikivu ambaye mfano wake haujapata kutokea. Hakuwafukuza maofisa, ukatili huo hakuuweza. Alipeleka muswada bungeni, ukapita kwa vifijo, na tangu siku hiyo ikawa sheria: koti likiwa kitini, mwenye koti yupo. Malalamiko yakaisha papo hapo, kwa kuwa kusema hayupo mtu ambaye kisheria yupo ni uchochezi, na uchochezi una gereza lake.

Watu wa kusahau upesi huuliza kwa nini wakubwa wakisafiri hawaachi makaimu. Sisi tusiosahau tunajua. Mwaka wa njaa ile, Mheshimiwa Mkuu akiwa harusini ng'ambo, Makamu aliyekuwa akikaimu alifungua maghala ya mahindi na watu wakala. Mheshimiwa aliporudi alimshukuru hadharani, akamteua kuwa balozi katika nchi ambayo mpaka leo hakuna aliyeiona. Mkewe bado anaulizia anwani. Baada ya hapo nani angekubali kukaimu? Ndipo ikaonekana koti linatosha. Koti halifungui ghala. Koti halishangiliwi kuliko mwenyewe.

* * *

Basi kidole gumba cha mguu wa Mheshimiwa Mkuu kikavimba.

Hospitali zilikuwepo. Moja aliizindua yeye mwenyewe, akakata utepe, akatamka kwamba duniani hakuna ya kuishinda. Ndiyo maana hakutaka kwenda kuwabana wagonjwa wake nafasi. Alilitundika koti kwenye kiti cha Ikulu, akapanda ndege na kidole chake.

Sasa katika nchi ile mgonjwa haachwi peke yake. Ukisikia mtu kalala, unakwenda kumjulia hali. Usipokwenda, maana yake unamwombea afe. Kwa watu wa kawaida ni desturi nzuri, mtu anachukua uji wake kwenye chupa ya chai na kwenda. Kwa wakubwa ilikuwa vita. Makamu mpya akaenda na kikapu cha matunda. Waziri Mkuu aliposikia kwamba Makamu ameonekana akilia kitandani kwa mgonjwa, alisafiri kwa ndege iliyofuata ili alie zaidi. Spika hakukubali machozi yawe ya serikali peke yake. Jaji Mkuu alikwenda, mawaziri wakaenda, manaibu wao wakaenda, Mkuu wa Majeshi alikwenda na bendi. Na wakishafika huko, nani wa kwanza kuaga? Atakayetangulia kuondoka ndiye aliyechoka kumwona Mheshimiwa yu hai. Wakabaki wote, wamekizunguka kidole.

Makoti yakabaki nyumbani. Redio ya taifa ikatangaza kwamba serikali yote ipo kazini, na kwamba haijapata kutulia namna hii. Kwa hilo redio haikusema uongo.

* * *

Kisha ikaja mvua.

Juu ya Bonde la Mirumbi kulikuwa na bwawa kubwa, na kwenye ukuta wake kulikuwa na mlango wa chuma wa kuyaelekeza maji ya ziada kwenye mbuga tupu, ng'ambo ya kilima. Mlango ukifunguliwa mapema, bonde linapona. Usipofunguliwa, ukuta unabeba usichoweza kubeba. Mtoto wa bondeni analijua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu.

Mlinzi wa mlango huo alikuwa mtu mrefu, mikono kama makasia, anaitwa Novatus. Miaka ya nyuma maji yalijaa, akapiga simu mji mkuu, akaambiwa asubiri Mheshimiwa arudi. Akasubiri mpaka maji yakawa yanalamba vidole vyake juu ya ukuta, kisha akafungua. Alishtakiwa kwa kuyaruhusu maji kabla wakubwa hawajayaruhusu, akafungwa mpaka hapo Mheshimiwa Mkuu atakapopata nafasi ya kumfikiria. Nafasi haijapatikana. Ufunguo wa mlango ulichukuliwa ukapelekwa Ikulu, akautia Mheshimiwa mwenyewe kwenye mfuko wa koti lake, ili tone la maji lisiende mahali bila yeye kujua.

Na gereza lenyewe, wajuzi wa serikali walilijenga wapi? Bondeni, chini kabisa ya bwawa, penye kiwanja cha bei rahisi.

Mke wa Novatus alikuwa Pulkeria, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha sufuria zichemke. Mvua ilipozidi aliwahamisha watu wote kilimani, na mbuzi wao, na magodoro yao. Watu wakaokoka. Wafungwa hawakuwa na miguu ya kuhama. Akashuka mwenyewe mpaka gerezani.

Mkuu wa gereza, Bwana Respisius, zamani alikuwa rafiki wa nyumba. Alimkuta kavaa buti za mvua, mizigo yake imefungwa kamba mlangoni.

"Shemeji," akasema, "unadhani mimi sioni maji?"

"Unayaona. Hata godoro lako limeyaona, naona limetangulia kutoka."

"Mfungwa hatoki bila amri, shemeji. Nikiwatoa wao, naingia mimi."

"Na maji yakiingia?"

"Yakiingia yameingia yenyewe. Hapo hakuna wa kuulizwa."

Alimruhusu kumwona mumewe kwa heshima ya ugali aliowahi kula kwao. Novatus alikuwa amesimama kwenye sakafu iliyoanza kutoa jasho. Hakulia wala hakulaumu. Aliuliza habari za bwawa kama mtu anayeulizia mtoto mtundu, maji yamefika jiwe gani, ukuta unatoa mlio gani. Alipojibiwa akampitishia mkono katikati ya nondo, mkono ule mrefu, ukamgusa bega.

"Usiwaombe ruhusa, Puli. Ruhusa hawana. Waombe ufunguo."

* * *

Pulkeria alifika mji mkuu kwa lori la vitunguu, akanyooka mpaka Wizara ya Maji. Alikuta foleni ndefu, na mbele ya foleni meza, na nyuma ya meza kiti, na kwenye kiti koti la Waziri, la bluu, lenye beji ya taifa. Pembeni alisimama Bwana Ladislaus, Mkuu wa Itifaki ya Makoti, brashi mkononi. Yeye ng'ambo hakwenda. Kazi yake ilikuwa kuyapangusa makoti vumbi na kuyasemea.

Mbele ya Pulkeria alikuwepo mfanyabiashara, kitambi kimemtangulia. Aliinama, akaliomba koti limpe msitu wa chanzo cha maji akate mbao. Koti likanyamaza. Bwana Ladislaus akatega sikio, akatikisa kichwa polepole, akatangaza kwamba Mheshimiwa Waziri ameridhia. Wakapeana mikono, na mikono ile ilikawia kidogo kuachana.

Ikawa zamu ya Pulkeria. Akaeleza bwawa, mlango, gereza. Koti likanyamaza.

"Amekataa," akasema Ladislaus.

"Amekataa vipi? Si amenyamaza vilevile alivyomnyamazia yule?"

"Mama, kimya na kimya vinatofautiana. Kile kilikuwa kimya cha kukubali. Hiki chako ni cha masikitiko."

Foleni ikacheka, siyo kwa ubaya, ila kwa mazoea. Wapo waliokuwa wakija pale toka koti hilo ni jipya, sasa limeanza kupauka mabegani nao wamepauka pamoja nalo. Bibi mmoja akamnong'oneza Pulkeria asichoke, yeye koti la Afya lilikwishamsikitikia mara nyingi, na safari ya mwisho lilimsikitikia kwa heshima sana.

Pulkeria hakuwa na subira ya kusikitikiwa. Alisema anataka kwenda kwenye koti lenyewe, la Mkuu. Ladislaus hakuweza kumkatalia, kwa sababu kila raia ana haki ya kumwona kiongozi wake, imeandikwa, na siku hizo ilikuwa haki rahisi kuitoa.

* * *

Ikulu ilinukia nta ya sakafu. Koti la Mheshimiwa Mkuu lilikuwa la kijivu, pana, limekaa juu ya kiti chenye miguu ya simba, askari wanne wakiwa wamesimama kikakamavu. Mfuko wa kulia ulikuwa umelemewa. Pulkeria aliliona umbo lake kwenye kitambaa, shina na meno. Ule ufunguo alikuwa akiuona miaka yote ukining'inia mlangoni kwake, karibu na kibatari. Ulikuwa hatua chache kutoka mkononi mwake.

Ladislaus akakohoa, akaanza. Alilishukuru Koti kwa usingizi wa taifa. Alilipongeza kwa hekima yake ya kutosema neno lolote la kujutiwa. Alisema mataifa makubwa yana viongozi wanaokwenda na kurudi, sisi tuna kiongozi asiyesogea. Akamalizia kwa kuomba, kwa unyenyekevu, kama itampendeza, Koti litoe maelekezo juu ya suala la maji.

Wakasubiri. Nje mvua ilikuwa ikipiga bati za wenye bati.

"Nipatie ufunguo ule," Pulkeria akasema. "Ingiza mkono tu, baba. Mfuko si huo?"

Ladislaus akarudi nyuma kama aliyeambiwa amshike nyoka. Akamweleza, sauti imeshuka, kwamba mkono wa mtu mwingine ukiingia mfukoni mwa Koti hayo ni mapinduzi, na adhabu ya mapinduzi anaijua. Alikwishapiga simu ng'ambo, akaambiwa wakubwa wapo kikaoni, wanajadili nani akae upande wa kichwa cha kitanda na nani upande wa miguu, na kwamba kidole kinaendelea vizuri.

"Mimi nimeulizia watu," akasema Pulkeria. "Wewe unanipa habari za kidole."

Kisha alifanya jambo ambalo katika sheria zote za nchi ile hakuna aliyelikataza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliwaza. Hakuingiza mkono mfukoni. Aliliinua koti kutoka kitini, akalivaa.

Askari wakapiga saluti. Mikono yao ilikwenda yenyewe, kwa mafunzo. Koti linapigiwa saluti, na koti lilikuwa mbele yao, sasa lina kichwa chenye kitenge.

"Afande," askari mmoja akauliza, mkono bado usoni, "nimkamate?"

"Utamkamataje bila kulishika koti?" Ladislaus akasema, na brashi ikamdondoka.

"Leteni gari," akasema Koti.

* * *

Sasa utadhani hadithi imekwisha. Serikali imepatikana, ina mikono, ina miguu, inajua inakokwenda. Ndugu yangu, hapo ndipo shida ilipoanza.

Msafara wa Mheshimiwa Mkuu hauendi kama lori la vitunguu. Ving'ora vilipolia, wilaya ikaipigia simu wilaya, na kila penye mpaka wa mkoa wakakuta matao ya migomba, zulia jekundu juu ya tope, watoto wa shule wamepangwa mvuani tangu asubuhi, midomo imekuwa ya zambarau, wanaimba. Koti la Mkuu wa Mkoa limewekwa kitini chini ya mwavuli, karani wake anasoma taarifa ya maendeleo. Pulkeria alipewa mbuzi. Alipewa mkuki na ngao. Alivishwa mashada ya maua shingoni mpaka akashindwa kugeuka.

Alisimama mbele ya kipaza sauti akasema, "Niacheni nipite, kuna watu wanakufa."

Mshereheshaji akawageukia wananchi. "Mheshimiwa Mkuu anasema anawapenda mno."

Makofi yakapigwa.

Mkoa uliofuata alikataa kushuka garini. Wakasema ni unyenyekevu wake, wakaileta ngoma mpaka dirishani. Aliamuru barabara ifunguliwe, wakamjibu kwamba amri imepokelewa na kamati ya mapokezi itaikalia mara baada ya burudani. Alikuwa na nchi nzima mgongoni, nzito, imelowa, inanuka jasho la mtu mwingine, na hakuweza kuisogeza hata urefu wa ng'ombe. Kwa dirisha aliyaona makorongo yanavyofurika, na kila korongo lilikuwa likielekea kulekule.

Walipofika chini ya kilima cha kwao, bwawa likisikika linanguruma, barabara ilikuwa imezibwa tena. Akatazama. Walikuwa wanawake wa chama chake mwenyewe cha kuzikana, wamevaa sare zao za msiba maana ndizo sare walizonazo, wanacheza mvuani. Mbele anaongoza Filotea, jirani yake wa miaka yote, waliyepokezana kuni na watoto wa kunyonyesha.

Pulkeria akatoa kichwa. "Filotea, ni mimi. Nipishe."

Filotea alitazama mkono wa koti. Juu ya hapo macho yake hayakupanda. "Shikamoo Mheshimiwa," akasema, akapiga goti kwenye tope, akainuka, akauanza wimbo upya.

Hapo ndipo Pulkeria alipokitoa kilio chake cha kwanza, kifupi, cha hasira. Akautoa ufunguo mfukoni, akalivua koti, akalitupa. Lilianguka barabarani, uso chini.

"Hee, Puli," Filotea akasema, kafurahi kweli kweli, "umerudi saa ngapi? Kaa mstari wa nyuma basi, Mheshimiwa anapita."

Pulkeria alikuwa ameshapita. Alikwea kilima akikimbia, kanga imefungwa kiunoni, na hakuna aliyemfuata. Askari walikuwa wamelizunguka koti. Hawakujua serikali iliyolala kwenye tope inapigiwa saluti ya namna gani, ya kusimama au ya kuinama. Ladislaus, aliyekuja na msafara, alikuwa kapiga magoti, anapangusa, na kila akipangusa tope linaenea.

Kitasa cha mlango wa bwawa kilikuwa na kutu. Pulkeria aliuzungusha ufunguo kwa mikono miwili, kisha kwa uzito wa mwili wake wote, ukuta ukitetemeka chini ya nyayo zake. Mlango ukalia, ukakubali. Maji yakageuka kama kundi la ng'ombe lililoitwa na mwenyewe, yakaishukia mbuga tupu ng'ambo ya kilima, na bonde likapumua.

Gerezani maji yalikuwa yamefika kiunoni. Yakasimama hapo, yakafikiri, yakaanza kushuka. Bwana Respisius hakuwepo. Alikuwa kilimani tangu jana, ila kisheria alikuwepo: koti lake alilitundika kwenye kiti cha koridoni, funguo za vyumba vyote zikiwa mfukoni. Wafungwa walilitazama koti hilo usiku kucha, maji yakipanda, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Novatus peke yake alithubutu. Vidole vyake vilipungukiwa kidogo tu kuligusa.

* * *

Kidole cha Mheshimiwa Mkuu kilipona. Nchi ilipewa siku ya mapumziko kukishukuru.

Kisha ikaundwa Tume. Tume ilishuka bondeni na miavuli yake, ikahesabu nyumba zikatimia, ikahesabu watu wakatimia, hata mbuzi. Ikauliza: mafuriko yako wapi? Hayakuonekana. Aliyekufa ni nani? Hakuna. Basi hatari ilikuwa ipi? Pulkeria aliwaambia kwamba haikutokea kwa sababu alifungua mlango. Mwenyekiti wa Tume akatabasamu kwa upole, akamwomba mwanamama asijisifu, akaandika kwamba maji ya taifa yamemwagwa bila sababu na mtu aliyejivika nchi. Filotea aliitwa shahidi. Akaapa kwamba siku ile alimwona Mheshimiwa Mkuu kwa macho yake mawili, alikuja kuwaokoa, Mungu amzidishie.

Ufunguo ulirudishwa mfukoni, na mfuko ukashonwa. Pulkeria akapelekwa gereza lilelile, upande wa wanawake, chumba kinachotazamana na cha mumewe, korido ikiwa kati yao.

Haukupita muda mrefu, kidole cha mguu wa pili kikaanza kuwasha. Redio ikapiga muziki wa kuaga. Makamu akaondoka na matunda, Waziri Mkuu na machozi yake, Mkuu wa Majeshi na bendi. Makoti yakabaki kazini. Na mawingu, ambayo hayasikilizi redio, yakaanza kukusanyika juu ya bwawa.

Bwana Respisius akaja kavaa buti. Alilitundika koti kitini, akalinyoosha mabega, akakwepa macho ya Pulkeria.

"Shemeji, mimi nipo," akasema, na akaondoka.

Sakafu ikaanza kutoa jasho. Pulkeria akakaa, akavuta blanketi la serikali, akaanza kulichana vipande virefu, taratibu, kwa meno na kucha. Alipounga cha kwanza na cha pili, akafunga ndoo ya chumbani mwake kwenye ncha.

"Novatus," akaita. "Nikikusogezea hicho kiti upande wako, utalifikia hilo koti?"

"Nitalifikia. Na mlango wa bwawa? Ufunguo wameushonea mfukoni."

Pulkeria akaivuta kamba kuijaribu, ikashika.

"Mlango ule una bawaba, mume wangu, na bawaba hung'olewa," akasema. "Safari hii hatuombi hata ufunguo."

Akairusha ndoo.